Vigingi Nilivyohamisha

Mimi ni mchimba vyoo, watu wananiita Fuko, na huruma ya mtu siitaki. Nasimulia kwa sababu nimechoka kusikia wajinga wakisema Bwana Afya alitutilia sumu kisimani. Sumu, kichwa chenu! Nisikilizeni mimi.

Mwaka ule Mpango wa Taifa ulikuwa unafika ukingoni: kila kaya iwe na choo, kila mtaa uwe na kisima cha pampu, mwisho mwezi wa sita. Bwana Afya, mtu mpole wa miwani, alikuja na ramani ya ofisi ya mipango akapigilia vigingi kumi na vinne vilivyopakwa chokaa. Kila kigingi shimo moja, na vyote upande wa chini wa kisima.

"Hapa hapa, Fuko," akaniambia. "Usisogeze hata hatua moja."

"Sawa, mkuu."

Sawa gani? Upande wa chini ni mwamba mtupu! Siku tatu nilipiga sululu, shimo halijafika hata magoti. Bwana Afya mwenyewe ameitwa semina ya wiki mbili, na kila jioni simu inalia kutoka wilayani: vyoo vimefika vingapi? Basi nikang'oa vigingi vyote nikavipeleka upande wa juu, kwenye udongo laini. Nilimaliza siku mbili kabla ya ukaguzi, na nilijiona mjanja kweli kweli.

Siku ya ukaguzi Bwana Afya alishuka garini na msafara wa wakubwa nyuma yake. Akahesabu vigingi, vikatimia. Akatazama mteremko, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Lakini wakubwa walishaanza kupiga makofi, akatia saini.

Kisha mvua zikanyesha. Wiki moja tu, kipindupindu kikazika watu wanne. Bwana Afya akaja na ndoo ya unga wa klorini wa kusafishia kisima, akawasihi watu wasinywe maji yale mpaka atakaporuhusu. Wakanywa. Wangekunywa nini? Alhamisi alfajiri akafa mpwa wangu, mtoto wa pekee wa dada yangu, wa miaka mitano. Alikuwa akiniona njiani anapiga kelele, "Mjomba, nibebe!"

Asubuhi hiyo hiyo Bwana Afya alifika na ile ndoo yake ya unga, na mnyororo wa kuifunga pampu. Shemeji yangu, baba wa marehemu, alikuwa anamngojea, na mtaa mzima nyuma yake.

"Muuaji! Umetia unga wako, watu wanakufa!"

"Walianza kufa kabla, kaka yangu. Nisikilize—"

Kofi la kwanza lilirusha miwani. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu. Mama muuza mboga, ambaye hata kuku hachinji, alimpiga ndoo ya bati kichwani mpaka ndoo ikabonyea. Fundi baiskeli akamkanyaga vidole, navyo vikalia. Yule mtu alikuwa anatambaa kwenye tope, damu inamtoka masikioni, na bado anasema msinywe, jamani, msinywe.

"Anywe yeye!" shemeji akapiga kelele. "Mlisheni unga wake!"

Wakamlaza chali. Wawili wakamkalia mikono, mmoja akambana taya. Unga ule ukimwingia tumboni hachukui muda, anakufa.

Na mimi? Nimesimama pale pale, koleo begani. Nilijua kila kitu, na moyo unaniambia funika kombe mwanaharamu apite. Atakufa yeye, na siri itakufa naye. Niliwaza hivyo, Mungu anisamehe. Ndipo shemeji akachota unga kwa mikono miwili.

"Mwacheni!" nikasema. Nani asikie? Nikapiga kelele, hakugeuka mtu. Nikainua koleo nikampiga shemeji yangu mgongoni, akaanguka kifudifudi, unga ukamwagika. Fundi baiskeli akanirukia, nikamvunja meno kwa mpini. Hapo ndipo wakageuka.

"Vigingi nilihamisha mimi," nikasema. "Yeye aliviweka chini. Mimi nikachimba juu, kwa sababu juu ni laini. Mmekuwa mnakunywa vyoo vyenu."

Dada yangu alipenya katikati ya watu, kanga ya msiba kichwani.

"Wewe, kaka?"

"Mimi."

Aliokota lile koleo. Pigo la kwanza lilinivunja mkono wa kushoto, la pili mbavu, na mengine niliyapokea nikiwa chini. Hakuna aliyemshika, na wala sikutaka ashikwe. Alinipiga mpaka nguvu zikamwishia. Bwana Afya walikuwa wamemwachia, anatapika pembeni, mzima.

Kisha dada akanitupia koleo kifuani.

"Inuka," akasema. "Mwanangu hajazikwa. Mchimbaji ni wewe."

Kwetu kaburi halichimbwi na mtu mmoja. Ukichoka, mwenzako anakupokea koleo, wa tatu anampokea yeye, hata kama mligombana jana. Siku ile wanaume wote wa mtaa walikuja makaburini, wakasimama kunizunguka. Nilichimba kwa mkono mmoja tangu saa nne hadi alasiri, na hakuna aliyenipokea.