Mbwa Aliyelipumulia Duara

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla malori yaendayo Ushirombo hayajaanza kutifua vumbi, Apolonia, mfanyakazi wa ndani, alimtoa Ladu kwa geti la nyuma la duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Champaklal, pale Katoro, akamtembeza hadi mashine ya kukoboa mpunga, kisha akamrudisha. Ladu alikuwa mbwa wa Kipomerania, mwenye uzito wa pakiti mbili za sukari na manyoya ya rangi ya chapati iliyoiva vizuri. Aliletwa Mwanza kwa ndege akiwa ndani ya kikapu, na tangu afike alikuwa akikohoa. Kikohozi chake kilikuwa kikavu na kikubwa kuliko mwili wake, kama mlio wa bata bukini anayefukuzwa. Alikohoa alipofurahia wageni, alikohoa alipokunywa maji kwa pupa, na zaidi ya yote alikohoa alipovuta kamba na mkanda wa shingo ukambana koo.

Kila mkanda ulipombana koo, hewa ilikatika ndani ya duara namba saba.

Duara hilo, lililochimbwa kwenda chini mita themanini kufuata mshipa wa dhahabu, lilikuwa mali ya Mihir, mtoto wa Mzee Champaklal, na lilikuwa umbali wa nusu saa kwa bodaboda kutoka dukani. Kila zamu walishuka watu kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa Ngusa, mume wa Apolonia, ambaye jioni alisimulia kazi yake kwa sauti ya mtu anayesimulia kwamba mvua imenyesha au haikunyesha.

"Leo imekatika mara mbili," alisema akivua buti. "Ya kwanza saa moja kasoro. Ya pili imekawia, Abel akalegea kabisa, tukamlaza."

"Saa moja kasoro alimwona paka," alisema Apolonia. "Hiyo ya pili ni mbuzi. Alivuta sana, nikashindwa kumzuia."

"Basi ndiyo hiyo." Ngusa akaomba maji ya kuoga.

Sababu haikuwa siri. Katika ukoo wa Champaklal kulikuwa na desturi iliyotoka kwa babu yao, aliyefungua duka la kwanza Kagongwa: boni, yaani pato la kwanza la shughuli mpya, haliuzwi. Hutengenezwa kitu cha kuvaliwa, na lazima kivaliwe na kiumbe hai wa nyumba ile muda wote ambao shughuli inaendelea. Kikivuliwa bila kuvalishwa mwingine, shughuli hujifunga pamoja na waliomo. Mzee Champaklal mwenyewe, akiwa na umri wa miaka minane, alivalishwa kikuku cha nyuzi za pamba ya kwanza ya kiwanda chao cha kuchambua pamba, na mpaka leo goti lake huvimba kila mvua inapoikuta pamba ya Kagongwa bado shambani. Dhahabu ya kwanza ya duara namba saba ilifuliwa ikawa bizimu ndogo ya mkanda. Alikusudiwa kuivaa binti wa Mihir, lakini binti alisema haiendani na sare za shule. Ikawekwa kwenye mkanda wa mbwa. Ladu alikuwa kiumbe hai na alikuwa wa nyumba ile, kwa hiyo masharti yalitimia.

Mwezi wa pili Mihir alimwita Bwana Kudra, afisa mifugo, aje amsikilize mbwa. Kudra aliweka sikio la chombo chake kwenye shingo ya Ladu, akabonyeza kidogo kwa kidole, Ladu akakohoa, na kwa muda huo mfupi simu ya Mihir ikaita kutoka machimboni. Kudra akaondoa kidole.

"Bomba lake la hewa limeshikiliwa na pete za gegedu," alieleza. "Kwa hawa mbwa wadogo sana pete hizo hulegea, bomba likalala. Ukimvuta shingo ni sawa na kukanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Toeni huu mkanda wa shingo. Mshoneeni wa kifuani, unaopita nyuma ya miguu ya mbele. Asinenepe, asikae kwenye joto, asivute moshi wala vumbi."

"Atapona?" aliuliza Mihir.

"Mkanda hauponyi. Unamwongezea siku."

Apolonia, aliyekuwa amemshika mbwa miguu ya nyuma, aliuliza, "Na hewa ya duara, bwana?"

"Hiyo si fani yangu, mama. Mimi ni wa mifugo."

Kesho yake Apolonia alimpeleka Ladu kwa Kalisti, fundi viatu aliyekaa kwenye kona ya soko la samaki, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu.

"Mwangaluka, Mama Limi," alisalimu Kalisti. Limi alikuwa mtoto pekee wa Apolonia. "Huyo naye anataka soli?"

"Anataka mkanda wa kifua. Upime vizuri. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na manyoya, visizidi."

Kalisti alipima. Akakata mkanda wa kiti cha gari lililopinduka Bwanga, akaushona kwa uzi wa nta, ndani akautandika kitambaa laini cha kochi. Mwisho aling'oa ile bizimu ya dhahabu kwenye mkanda wa zamani na kuitia kwenye mpya, katikati ya kifua, upesi, kama mtu anayebadilisha balbu.

"Mumeo wanamshusha na nini siku hizi?" aliuliza akiuma uzi.

"Kamba ya katani. Kiunoni."

"Ngosha, dume zima, anashuka na katani, mbwa anatembea na mkanda wa Land Cruiser." Alicheka hadi akapiga paja. "Mwambie aombe kazi ya ubwenyenye huo. Akijua kubweka, watamchukua."

Jioni hiyo Ngusa alirudi akiwa na uso usio na jasho. "Leo kule chini palikuwa kama barazani," alisema. "Abel kaimba zamu nzima, mpaka tukamwomba anyamaze."

Kwa miezi mitatu hewa haikukatika. Sostenes, msimamizi wa duara, aliandika neno moja kwenye daftari la zamu kila siku: *Ipo.* Mihir alikuwa mtu makini, asiyependa kitu kikae bure. Aliiangalia blowa, mashine ya kusukuma hewa iliyokuwa ikinguruma mdomoni mwa duara na kuharibika kila wiki, akaona haina kazi tena. Akaipakia kwenye lori, ikaenda Ushetu kwenye mabani yake ya kukaushia tumbaku, kwa kuwa majani yalikuwa yakipata ukungu kwa kukosa hewa.

Apolonia alisikia habari hiyo akiwa anamkaushia Ladu manyoya. Alimsubiri Mihir amalize chai.

"Bosi, ile mashine ingebaki tu. Bwana Kudra alisema mkanda hauponyi."

"Hewa ipo au haipo?"

"Ipo."

"Sasa?"

"Mbwa huzeeka, bosi."

Mihir alimtazama kwa upole. Hakuwa mtu mkali. "Ndiyo maana tunamtunza," alisema. Wiki hiyo akamfungia Ladu kiyoyozi katika chumba cha stoo, na duara namba saba likawa na ubaridi kiasi kwamba wachimbaji walianza kushuka na makoti.

Ulipofika wakati wa ukaguzi wa machimbo, mkaguzi mmoja alikuja na fomu yake. Aliuliza mashine ya hewa iko wapi. Akapelekwa dukani, akaonyeshwa Ladu, ambaye alikuwa amelala juu ya mto. Mkaguzi aliingiza vidole viwili kati ya mkanda na kifua, vikapita sawasawa. Akahesabu pumzi za mbwa kwa dakika nzima akitazama saa yake, akaandika kwenye mstari wa mfumo wa hewa: *Upo, unafanya kazi.* Akanywa soda, akaaga.

Kikohozi kilirudi mwezi wa sita, wakati pepo kavu zilipoanza. Mara hii hakikuhitaji paka wala mbuzi. Ladu alikohoa akiwa amelala. Ulimi wake ulipauka, na alfajiri ulikuwa na rangi ya zambarau ambayo ilichelewa kuondoka. Apolonia aliacha kumtembeza. Alimbeba mgongoni kwa mbeleko, mkao aliouona unampa mbwa nafuu, na hivyo ndivyo alivyofagia, alivyofua na alivyopika. Kila jioni alimuuliza Ngusa swali lile lile.

"Leo imekuwaje?"

"Nyembamba."

"Usishuke kesho."

"Nisiposhuka mimi atashuka mwingine, na hewa itakuwa hiyo hiyo," alisema Ngusa. "Wewe mbebe tu vizuri, mayu."

Alimwendea Mihir mara ya pili, akampata akizungumza na baba yake. Alimwamkia Mzee Champaklal shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akiwa amenyoosha goti lake lililovimba juu ya kigoda.

"Bosi, naomba mashine irudi. Mbwa hafiki mwezi wa nane."

"Msimu wa tumbaku haujaisha," alisema Mihir. "Nikiitoa sasa majani yote yataoza. Tukimaliza kukausha, nitaona."

"Huyu mama anasema kweli," alisema Mzee Champaklal. "Kifua kile kimekwisha. Tafuteni kingine."

Mihir alisema atalifikiria hilo, na bila shaka alilifikiria.

Siku ya Alhamisi, saa nane mchana, Apolonia alikuwa jikoni akikata vitunguu. Mgongoni, Ladu alikohoa mara moja, akanyooka, na uzito wake ukabadilika. Apolonia alimteremsha na kumlaza mezani. Ulimi ulikuwa mweusi. Alimpigia simu Sostenes ili watu watolewe. Simu ilikuwa inatumika. Alipiga tena, ilikuwa inatumika. Hakupiga mara ya tatu. Alifungua mkanda kutoka kifuani pa mbwa, akauzungusha kifuani pake mwenyewe, akaona haufiki hata nusu. Akachana kitenge chake kwa meno, akaunganisha kipande upande huu na upande ule, akakaza fundo mgongoni, bizimu ikakaa katikati ya matiti. Kisha akasimama wima katikati ya jiko na kuvuta pumzi ndefu kuliko zote alizowahi kuvuta.

Kule chini, kama Ngusa alivyosimulia baadaye, hewa ilikuwa imekatika kwa muda wa kusali Baba Yetu mara nne. Walikuwa wamelala kifudifudi, kila mtu ameweka mdomo kwenye ufa wa mwamba. Katika sala ya tano hewa ilirudi yote kwa mkupuo, nzito, ya uvuguvugu, yenye harufu ya vitunguu.

"Huyo ni mke wangu," alisema Ngusa.

Wenzake walicheka. Abel hakucheka, na hapo ndipo walipomtazama.

Watu kumi walipanda wenyewe. Abel alipandishwa kwa kamba. Sostenes aliandika kwenye daftari kwamba alikuwa na tatizo la moyo, na Mihir alipeleka msibani magunia mawili ya unga, sanda na lori la kuwabeba waombolezaji. Ladu alizikwa nyuma ya stoo, ndani ya kile kikapu alichokuja nacho.

Asubuhi iliyofuata Mihir alimkuta Apolonia jikoni. Aliitazama bizimu iliyojichora kifuani chini ya gauni lake.

"Unapumua vizuri?"

"Vizuri, bosi."

"Huna pumu? Kwenu hakuna mwenye pumu?"

"Hakuna. Bosi, mashine itarudi lini?"

"Usipande ngazi," alisema Mihir. "Na usikaange pilipili. Kazi za kufua atafanya mwingine." Kisha akamgeukia baba yake, aliyekuwa amekuja kuchukua maji ya moto ya goti, na kumwambia kama anayemtambulisha mgeni: "Apolonia ni mtu wa nyumbani."

Alikuwa amefanya kazi katika nyumba ile miaka kumi na mmoja, na ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa. Mzee Champaklal aliitikia kwa kichwa. Masharti yalitimia. Kalisti aliitwa dukani na uzi wake wa nta, akashona mkanda mpya, mpana, akapima vidole viwili bila kucheka. Alipomaliza alisema, "Shemeji, ukibanwa niite, hata kama ni Jumapili." Kuhusu mashine, Mihir alieleza kwamba huko Ushetu inafanya vizuri sana.

Abel alizikwa Jumamosi, kwao Kagongwa. Apolonia alikwenda na lori la waombolezaji, akakalishwa mbele karibu na dereva ili asipigwe na vumbi. Mama yake Abel alipomwona alimkumbatia, akamwambia, "Asante kwa wale kumi." Apolonia alikuwa amejizuia tangu Alhamisi. Alikaa chini kwenye mkeka pamoja na wanawake, akajifunika uso, na kilio kikamtoka kwa nguvu, cha kwikwi, kile kinachokata pumzi katikati na kuifanya ikose njia.

Simu yake iliita ndani ya mkoba. Iliita mpaka ikakatika, ikaita tena. Mwanamke aliyekaa kando yake aliitoa, akamwekea sikioni.

"Mama Limi," ilisema sauti ya Sostenes. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na mtu mmoja aliyekuwa akikohoa. "Pole sana na msiba, shemeji. Kwa kweli sote tumeumia. Lakini naomba ulie taratibu. Tuna watu chini."

"Ngusa yupo?"

"Yupo. Alishuka wa kwanza."

Apolonia alijifuta uso kwa ncha ya khanga. Alinyoosha mgongo, akafumba mdomo, akavuta hewa kwa pua, akaishikilia kidogo, akaitoa polepole, kisha akaanza upya. Wanawake waliomzunguka walielewa, wakasogea kumpa nafasi, na wakaendelea kulia kwa niaba yake. Machimboni, Sostenes alisikiliza mdomoni mwa duara mpaka aliporidhika. Halafu alimwashiria mtu wa kumi na moja, aliyekuwa ameajiriwa asubuhi ile badala ya Abel. Wakamfunga kamba kiunoni, wakamshusha.