Mpiga Solo wa Kadutu Étoile

"Labda ile baa ingine," Balagizi akasema, na mimi nikasimama katikati ya njia nikamkazia jicho ambalo wanangu wanalijua vizuri. Tulikuwa tumetoka baa ya tatu. Ilikuwa mchana, jua la Oktoba linachoma utosi, viatu vyangu vya kanisani vimejaa vumbi la Area 25, na mwanaume aliyeniapia kwamba mdogo wangu anapiga gitaa huku Lilongwe alikuwa anafuta jasho na kuangalia pembeni. Baa ya kwanza walikuwa na redio tu. Ya pili ilifungwa. Ya tatu, mama mmoja aliyekuwa anafua vitambaa vya meza alituambia palibe, Mkongomani hayupo na hajawahi kuwepo. Nikamwambia zikomo, asante. Balagizi hakutia neno, na kama nisingekuwa na hasira ningeshtuka, kwa sababu Balagizi ni mtu wa maneno.

Maneno yake ndiyo yalinitoa kambini siku ile. Kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, mwaka 2000, nilikuwa na kibanda cha kushona na redio-kaseti, na kila Jumapili baada ya ibada wapenzi wa rumba walikuwa wananijazia kibanda. Walikuja na kaseti zao wamezifunga kwenye leso, nyingine zilizovuka ziwa ndani ya unga wa muhogo. Betri tulizianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo, na kaseti tulizirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic, kuzungusha kwa mkono, betri zisile bure. Hata hivyo ikifika saa kumi mwimbaji anaanza kuvuta sauti utadhani amelewa.

Sasa, kulikuwa na sheria. Sijui nani aliileta, lakini ilitoka kanisani, hilo ni hakika. Kabla kaseti yako haijapigwa, unasimama unatoa ushuhuda: ile bendi uliiona wapi kwa macho yako, mwaka gani, ukumbi gani, ulikuwa na nani. Asiye na ushuhuda anawekwa mwisho, na mwisho betri zimekufa. Basi watu wakawa waongo, wazee wa kanisa wakiwa wa mbele. Patient, mkulima wa Fizi ambaye gari la kwanza alilipanda akiwa mkimbizi, alishuhudia kwamba amecheza kwenye uwanja wa mpira wa Kinshasa mpaka soli ikang'oka. Tulimpigia makofi. Mimi sikushuhudia kamwe, nilijipa ruhusa hiyo kama mwenye redio, na ukweli ni kwamba sikuwa na la kushuhudia. Ujana wangu wote Bukavu nilikuwa mtu wa kwaya. Dansi nilizisikia kwa mbali tu, nikiwa kitandani.

Balagizi ndiye aliyenimaliza. Alikuwa mwalimu zamani, na ushuhuda wake ulikuwa na utangulizi. Ataanza na mvua ya siku ile, aje kwa fundi aliyemshonea suruali, apite kwa shemeji aliyekosa tiketi, na redio inangoja. Mwaka mzima nilikuwa ninamwambia fupisha, Papa Balagizi, fupisha, na yeye ananiinulia kiganja, nimwachie amalizie kidogo.

Halafu Jumapili moja ya Septemba akaja na kaseti ya Kadutu Étoile. Nilikuwa ninapinda suruali ya mtu, nikajidunga sindano. Ilikuwa bendi ndogo ya mtaani kwetu, nje ya Bukavu hakuna aliyeijua. Akashuhudia kwamba aliiona kwenye dansi ya sikukuu ya uhuru, na kwamba mpiga solo, kijana mwembamba, akiingia kwenye sebene, pale gitaa linapokolea na watu kucheza, anainua kisigino cha kushoto na kutazama kiatu chake, hatazami watu hata kidogo. Sikumwambia afupishe. Nilimuuliza huyo kijana anaitwa nani.

Akasema Bisimwa.

Nikawaambia huyo ni mdogo wangu, tumetoka tumbo moja. Nilikuwa sijalitamka jina lake kwa mtu yeyote pale kambini. Vita ya pili ilipoanza, Agosti 1998, alikuwa safarini na bendi, na mimi nilitoka Bukavu bila kumsubiri. Zilikuwa zimepita siku mbili tu, ningeweza kukaa hata ya tatu. Na kabla ya hapo, miaka yote ile, alikuwa ananiletea tiketi za dansi zake na mimi ninamrudishia, ninamwambia dada yako ameokoka. Sikuwahi kumwona akipiga jukwaani hata mara moja.

Balagizi alinitazama usoni, akasema kwa haraka: "Iko muzima, Mama Raïssa. Nilimuona Lilongwe. Anapigaka kwa baa moja ya Area 25."

Watu wakaimba pambio. Mamy, jirani yangu, akanikumbatia mpaka kilemba kikaanguka.

Tangu siku ile Balagizi akawa mtu wa kukimbiwa na afya. Nilipotafuta kibali cha kutoka kambini, yeye akapata malaria. Kibali kilipotoka, mgongo ukamshika. Jina la baa alilisahau, akalikumbuka, akalisahau tena. Nilimwona anavyokwepa, mimi si mtoto, lakini nilijidanganya kwamba anaogopa polisi wa njiani. Nilitaka mno kuamini. Nilishona shati la Bisimwa la mikono mirefu kwa vipimo vya kichwani, nikamwacha Raïssa na wadogo zake kwa Mamy, nikaenda mwenyewe kumtoa Balagizi kwenye mkeka wake.

Ndiyo hivyo tukawa Area 25, naye anataka baa ya nne.

Nikamwambia sitembei tena. Nikakaa kwenye baraza la duka moja, ndani mwenye duka anampimia mteja sukari, nikavua viatu. Nikamwambia hata yeye akae, na nikamuuliza polepole, maana nikipaza sauti ningelia: "Ulimuona hapa ao hukumuona?"

Akakaa mbali kidogo na mimi.

"Sikumuona," akasema. "Na ile dansi, mi sikufikaka. Kaseti nilipewa na mupiga ngoma wao, kule Kigoma."

"Na Bisimwa?"

"Hakufika Kigoma, Mama Raïssa. Ile siku ulisema ni mudogo yako, nikashindwa."

Nilitaka kumzaba kofi. Wiki tano alikuwa ameniacha nishone, niombe, nitangaze kambi nzima kwamba ndugu yangu yuko hai, kwa sababu tu yeye alishindwa kuona uso wangu kwa dakika moja. Mkono uliinuka, na sijui ulishukaje. Nikamwambia aseme yote aliyoambiwa.

Akasema. Walitembea kwa miguu kuelekea ziwani, Bisimwa na yule mpiga ngoma. Karibu na Mwenga Bisimwa akashikwa na kuhara. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Walimzika pembeni ya kanisa moja la matope, na mpiga ngoma akachukua kaseti kwenye mfuko wa Bisimwa. Akaishia hapo.

Nilingoja. Nilidhani anavuta pumzi. Mtu huyu aliyekuwa akitumalizia betri kwa shemeji aliyekosa tiketi alikuwa ameshamzika mdogo wangu kwa pumzi moja, na mwenye duka nyuma yetu alikuwa bado anampimia mteja yuleyule sukari ileile.

"Ongeza," nikamwambia.

"Njo vyote alinielezea."

"Ulikuwa na mvua? Ni nani alimushika kichwa? Ongeza, Papa Balagizi. Hata ya uwongo."

Akafungua mdomo. Nikakaa vizuri nimsikilize, mikono nimeiweka mapajani. Jua likahama, kivuli cha baraza kikatuacha sote wawili, na yeye bado hakuwa amepata neno.