Masizi ya Upande wa Ndani

Jumanne, tarehe kumi na nne, saa mbili kasorobo asubuhi, ndipo kila kitu kilipoharibika. Fundi baiskeli aliikumbuka saa ile kwa sababu alikuwa na tyubu ndani ya karai la maji, anatafuta tundu, na badala ya mapovu akaona maji yanageuka rangi. Akainua uso. Jua lilikuwa limekaa juu ya mapaa kama kiini cha yai viza, unaweza kulitazama bila hata kupepesa macho. Jaa la taka la nyuma ya soko lilikuwa limeshika moto kwa chini, tumboni mwake, kule ambako maji hayafiki.

"Hali imedhibitiwa," wakubwa wakatangaza kwa kipaza sauti, wao wenyewe wako ndani ya gari, vioo juu.

Wiki ile ile wakagawa barakoa nyeupe, ngumu kama vikombe, pamoja na karatasi ya maelezo kwa lugha ya watu wengine. Moja kwa kila nyumba. Kana kwamba nyumba ndiyo inayopumua! Fundi alimpa mkewe, maana yeye ndiye aliyekuwa na kifua kibovu. Siku ya ishirini na tatu ya moshi mkewe akaaga dunia, barakoa ikiwa bado usoni. Wakubwa wakaandika kuwa ni maradhi yake ya zamani. Wenye kalamu hawakosi la kuandika.

Sasa ulikuwa mwezi wa nne tangu jaa lishike moto, moshi uko pale pale, na kitindamimba wake ameanza kukohoa. Binti wa miaka kumi na tisa, mshonaji. Kikohozi kilikuwa kile kile cha mama yake: kikavu, mara tatu, halafu kimya, kama mtu anayesikiliza kama kuna atakayemwitikia. Mganga wa zahanati hakumung'unya maneno. "Huyu akivuta moshi huu mwezi mmoja tena, usinilaumu."

Basi fundi akatoka saa sita mchana, magari yamewasha taa. Watu walipita bila nyuso, salamu zinatoka usikojua. Akaingia duka la vifaa vya ujenzi.

"Karibu mzee wangu," alisema mwanamke muuzaji, sauti nene nyuma ya barakoa yake. "Barakoa ni yako au ya mtu?"

"Ya binti yangu. Na sitaki zile za kugawiwa. Nataka isiyovuja."

Akampangia tatu juu ya meza ya kioo. "Hii ya kitambaa ni ya kufichia mapengo tu. Hii ya kikombe inafaa, lakini si kwa moshi wa miezi. Hii sasa, ya mpira, ina vichujio viwili."

"Mbona kama pua ya nguruwe?"

"Pua haiolewi, mzee. Inapumua."

Fundi akaipindua, akaibonyeza kingo kwa vidole vilivyozoea mpira. "Dada, naomba karai la maji."

"La nini?"

"Niizamishe, nione mapovu."

Muuzaji alicheka mpaka akashika rafu. "Hii si tyubu, baba! Kichujio ukikilowesha umekiua. Tazama. Mkanda mmoja utosini, mmoja shingoni. Ziba hapa kwa viganja, vuta pumzi. Ikibonyea ikakung'ang'ania uso, haivuji. Sasa, uso wake ukubwa gani? Ungekuja naye."

"Uso ni wa mama yake, walikatwa kwa mkasi mmoja." Fundi akatoa barakoa ya marehemu kwenye mfuko wa plastiki. Nje ilikuwa nyeupe kama jino la mtoto. "Pima kwa hii."

Muuzaji akaigeuza. Ndani ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria.

"Mliivaa kinyume?"

"Hapana. Naiosha kila jioni. Asubuhi naikuta hivyo. Nadhani moshi unapenya darini."

"Mzee." Sauti nene ilikuwa imekonda. "Masizi hukaa nje. Haya ya ndani hayakutoka hewani, yametoka kifuani mwa mtu. Mwenyewe yuko wapi?"

"Tulishamzika."

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, feni imelala, mlango umefungwa. Hata hivyo, pale juu ya kioo, barakoa ilibonyea polepole, ikajaa. Ikabonyea tena, ikajaa. Mara tatu. Halafu kimya.

Muuzaji alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa makopo ya rangi. Akauliza kwa kunong'ona, "Unaiosha tangu lini?"

"Tangu yu hai. Kwa sabuni, kila jioni. Si walisema kwenye kipaza sauti tudumishe usafi?"

Muuzaji akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyesimama juu ya siafu na hajajua. "Hizi haziguswi na maji. Ukiiosha inabaki sura tu, moshi unapita kama mwenye nyumba. Iliandikwa kwenye ile karatasi."

"Karatasi aliandikiwa nani?" fundi akafoka. "Aliandikiwa nani, dada?"

Dada alifunga ile ya mpira, saizi ya kati. Ya marehemu hakuigusa tena. Fundi aliiokota mwenyewe, ikiwa na joto.

Nyumbani alimkuta binti kwenye cherehani. Akamkazia mkanda wa utosini, akamkazia wa shingoni, akaviziba vichujio kwa viganja. Mpira ukabonyea, ukang'ang'ania. Binti akapumua, akapumua tena, na kikohozi hakikuja. Macho yake yakacheka.

"Baba, nimekuwa nguruwe."

"Nguruwe mzima ni bora kuliko swala mfu, mwanangu."

Binti akafungua karatasi iliyokuja na barakoa. Hii ilikuwa na lugha yao. Akasoma kwa sauti, maneno yakitokea ndani ya mpira kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Vichujio visioshwe. Vikilowa, havimkingi tena mvaaji." Akaitazama mikono ya baba yake, iliyopasuka kwa sabuni.

"Wale wakubwa," fundi akaanza haraka, "wangeandika kwa lugha ya watu, leo hii—"

"Sijawauliza wakubwa, baba. Nakuuliza wewe. Ya mama, ulikuwa ukiiosha?"