Wageni Waliomziba Nasra

Usiku wa jana niliota nimeingia ndani ya kompyuta kumtafuta mjukuu wangu. Nilivua ndala mlangoni, maana palikuwa pametoka kupigwa deki.

Nasra yuko Norwei na mama yake, binti yangu Zuhena. Sijawahi kumpakata. Namwona kwenye kioo tu, na siku hizi hata huko simwoni. Matangazo yamemkalia usoni kama nzi kwenye embe bivu.

Basi nakuta sebule imejaa. Kiatu cha kiume kinakunywa chai kwa kikombe changu cha maua. Chupa ya dawa ya kupunguza tumbo imenenepa, imekalia viti viwili. Nyuma yao, ukutani, naona sikio moja la Nasra.

"Hongera bibi, umeshinda simu!" kinasema kiatu.

"Nyie mmeingiaje? Sikusikia hodi."

"Tulifuatana na zumari," inasema chupa. "Ulipochukua ile programu yake ya nyimbo za harusi, ya bure, uliulizwa: na wenzake je? Ukabonyeza Nakubali."

Kweli nilibonyeza. Mtu akija na wenzake, utawaacha juani?

Nakishika kiatu kwa kamba, nakitupa nje. Kinarudi kupitia dirishani, pamoja na mwenzake wa kushoto.

"Maadamu aliyetuleta yumo, tutarudi," inacheka chupa.

Zumari iko jikoni, inapiga taratibu wimbo uliomtoa Zuhena nyumbani siku ya harusi yake. Hakuna wimbo ninaoupenda kama ule. Nasikiliza mpaka mwisho. Kisha nachukua jembe nyuma ya mlango.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya, shika."

"Una uhakika unataka kuniondoa?"

"Nina uhakika."

"Una uhakika kabisa?"

"Mwanangu, si nimeshakujibu?"

Ikaweka jembe begani, ikashika njia ya shambani na wimbo wake. Wageni wakaifuata, chupa ikibeba sinia la maandazi. Wimbo ukafifia hadi sikuusikia tena. Nyumba ikazimika. Ikawaka upya.

Nasra mzima yuko ukutani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mama. Hebu cheka nikuone."

Anacheka. Mbele kuna pengo.

"Jino limetoka leo, bibi. Mama anasema lirushwe juu ya bati, lakini hapa kwetu juu wanakaa watu."

Anapenyeza mkono kwenye kioo, analiweka kiganjani mwangu. Nafumba kiganja, na vidole vyake vimo. Vya moto, vinanata kidogo, kama alikuwa anakula chungwa.

"Rusha basi, bibi."

"Ngoja kwanza."

"Bibi! Nitabaki kibogoyo!"

Siwezi kurusha bila kumwachia. Namwachia kidole kimoja kimoja. Narusha.

Niliamka mkono ungali juu, kumekucha, jogoo wa jirani anawika. Nikasikiliza.

Juu ya bati: ka. Kitu kidogo kikabingirika, kikatulia.