Tambara la Njano

Baba alipakia mizigo uwanja wa ndege mpaka akastaafu, kwa hiyo binti alipopata safari ya ng'ambo, ushauri wake ulikuwa mmoja tu. Akautoa kwa kufoka.

"Masanduku meusi ni kama kunguru, mwanangu. Utamjuaje wako?"

Akachana aproni ya njano ya marehemu mama, akafunga kipande kwenye mpini wa sanduku la binti. Binti akanuna. Asafiri na tambara la jikoni?

Huko ugenini, kwenye mkanda wa mizigo wa uwanja wa ndege, masanduku meusi yalipita mbele yake na abiria wenzake wakanyakua yao. Mara ile njano ikachomoza kwenye pazia la mpira, ikamjia polepole, kama mama alivyokuwa akitoka jikoni huku akijifuta mikono.

Binti alinyoosha mkono, akaurudisha, akaliacha sanduku lizunguke tena.