Mshubiri wa Mama Haula

Mie nikianza kusema simalizi, hilo nalijua. Mke wangu Mwanawetu anasema kwenye ndoa yetu ya miaka arobaini na mmoja yeye kasema mwaka mmoja tu, arobaini yote nimesema mie. Sasa yupo Mtwara kwa binti yetu Haula, tangu ule mwaka tuliokimbia vita. Mie nimerudi Palma, huku Msumbiji, nimejenga tena kijumba pale pale kwenye kiwanja chetu, bati nimetia, choo kipo. Yeye hataki kurudi.

Si kwamba hanitaki mie, hapana. Anachosema ni hiki: asubuhi ile vita ilipoingia alikuwa anafagia uani, mara ndege wote wakanyamaza. Hata kunguru. Watu hawajasikia bunduki bado, yeye kashasikia kimya. Basi kanitumia sauti kwenye simu: "Baba Haula, siku chozi akirudi kwenye mshubiri wangu, niambie, nami narudi. Nyumba ambayo ndege hawaitaki, mie silali."

Chozi ni yule ndege mdogo, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia, akipigwa na jua anang'aa kama mafuta yaliyomwagika majini. Anapenda sana ua la mshubiri. Na mshubiri, sasa, ndio mmea wa mke wangu. Watoto wetu sita wote kawaachisha ziwa kwa utomvu wake. Anapaka kidogo, mtoto akionja anamtazama mama yake kama kaibiwa kitu. Haula alilia siku tatu. Mpaka leo ukimtajia shubiri anakunja uso, na yeye mwenyewe ana watoto wakubwa... lakini nimeshapotea njia.

Moto ulikula nyumba na mishubiri yote. Niliporudi nikaenda mpaka Diaca kwa shemeji yangu, nikapewa machipukizi manne. Nikayapanda mstari mmoja mbele ya baraza, nikawa namwagilia. Asubuhi ndoo, jioni ndoo. Na kumwagilia kwenyewe si kwa kimya, nilikuwa nayaeleza habari zote za Mama Haula, amelala vipi, goti linamsumbua vipi.

Yakaanza kulainika, yakawa kama mapapai mabovu.

Jirani yangu Abdulcarimo akachungulia juu ya ua wa makuti. "Mshamu, huo mshubiri au mchicha?"

"Mshubiri."

"Mbona unaunywesha hivyo? Huo mmea wa mawe na jua. Unaupa maji, unaupa na maneno, lazima ufe!"

"We cheka tu. Mkeo si yupo jikoni kwako?"

Akaingia ndani. Baadaye kidogo akaniletea sahani ya muhogo, akaiweka na kuondoka.

Matatu yakaoza. La nne nusu limeoza, nikaling'oa kwa hasira nikalitupa kule nyuma, kwenye kifusi cha jiko letu la zamani. Sikulitazama tena. Mama Haula nikamweleza kwenye simu jinsi ndoo yangu ilivyoyaua. Ikapita miaka miwili.

Mwaka huu, Maulidi yamepita, Septemba hii ya jua kabla ya mvua, dudumizi kaanza kuita kichakani, nikaenda nyuma kutafuta jiwe la kukandamizia bati. Nakuta mshubiri. Umejipachika katikati ya mawe, majani membamba, mekundu kwa jua, na katikati umetoa kikonyo kirefu kimejaa vitumba. Nikakaa chini pale pale kwenye kifusi. Jiwe nikalisahau.

Basi kila asubuhi nampelekea habari. Kusoma sijui sana, ila kile kitufe cha sauti kwenye simu nakijua. "Mama Haula, leo yamefunguka maua sita, yanaanzia chini yanapanda juu."

"Ndege yupo?"

"Bado. Tetere wamekuja. Shore yupo kwenye papai."

"Sikuuliza shore."

Siku moja nikasikia tsi-tsi-tsi. Nikashika simu mbio. "Huyo, huyo! Mama Haula, unamsikia? Kafika, tena dume, kifua chekundu, ngoja asogee..."

Akajibu: "Nimekusikia wewe. Na Abdulcarimo nimemsikia, anakohoa. Ndege sijamsikia. Ulipokuja kuposa ulimwambia baba yangu unajua kupika, tangu hapo maneno yako matupu sichukui. Nyamaza, Baba Haula. Mara moja tu maishani, nyamaza."

Iliniuma. Nikatazama kikonyo, maua ya chini yameshanyauka.

Kesho yake nikaigeuza ile ndoo ya kumwagilia juu chini, nikaikalia karibu na kifusi. Jua likapanda. Akaja. Akaning'inia kichwa chini, akatia mdomo ndani ya ua moja, la pili, huku anaimba. Nikabonyeza. Maneno yalinijaa mdomoni, nikavua kofia nikaiuma kwa meno. Dakika nzima, wallahi. Akaruka, nikapeleka.

Nikangoja. Jibu likaja, nikaweka sikioni, hakuna anayesema. Nasikia fagio linafagia, halafu likasimama. Nasikia mtu anapumua. Nikadhani kakosea kubonyeza. Mwisho kabisa ndio akasema, polepole:

"Ndoo umeiweka wapi? Usiumwagilie mpaka nifike."

Ndoo nimempa Abdulcarimo. Haula anasema wanatafuta gari la kuwafikisha mpakani, goti la mama yake likitulia kidogo. Siku ya nne leo. Chozi anakuja kila asubuhi, nami nakaa hapa sisemi. Maua yamebaki matano, yale ya juu kabisa.