Miwani Moja kwa Watu Wawili

Majirani walimwita Sajini, ingawa jeshi alishaliacha zamani. Kazi yake huko ilikuwa kutegua mabomu ya ardhini: unalala kifudifudi, unafukua udongo taratibu, roho mkononi. Siku moja bomu lililipuka mbele yake kabla hajaligusa. Alipona, lakini mchanga na vumbi la chuma vilimwingia machoni. Akaoshwa, akafungwa bandeji, na baada ya muda akarudishwa kazini.

Miaka ikapita. Ukungu ukaanza pembeni mwa jicho la kulia, kisha la kushoto, ukasogea katikati polepole kama mgeni asiyebisha hodi. Hakumwambia mtu. Mkewe aligundua asubuhi moja alipomkuta anamimina chai mezani, kando ya kikombe, uso kaukaza kama mtu anayeona kila kitu.

"Baba watoto, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto."

Ndipo wakaomba fidia kwa bodi ya jeshi. Bodi ikajibu kwamba kwa kumbukumbu za jeshi, askari wote wawili waliokuwa pale walivaa miwani ya kinga. Kwa hiyo macho yake yameharibiwa na umri. Akibisha, alete shahidi.

Shahidi alikuwa mmoja tu, askari mwenzake waliyemwita Kifaru, ambaye sasa aliuza vifaa vya ujenzi. Wakamfuata dukani. Kifaru akawapokea kwa bashasha, akaagiza soda, akamkumbatia mwenzake nusura amvunje mbavu. Lakini bodi ilipotajwa tu, akainama akaanza kupanga misumari iliyokwisha kupangwa.

"Sajini, hayo ni ya zamani. Mimi nimeshasahau."

"Hujasahau," Sajini alisema kwa upole.

Mke akawatazama mmoja mmoja. "Shemeji, kuna nini nisichokijua?"

Sajini akaaga, soda hazijafika nusu. Njiani mke alimbana mumewe mpaka akasema.

"Miwani ilikuwa moja. Ya pili ilivunjika, tukaomba nyingine, hatukuletewa. Tukawa tunapokezana. Siku ile zamu ya kuivaa ilikuwa yangu, ila Kifaru alikuwa amepata habari kwamba mkewe kajifungua. Nikasema huyu lazima akamwone mwanawe. Nikampa. Baadaye afande akatuamuru tuseme tulivaa wote, la sivyo tungeshtakiwa."

Mkewe akasimama katikati ya njia, watu wakawa wanawapita.

"Na wewe hukuwa na mke?"



Kesho yake mke alirudi dukani peke yake. Kifaru alipomwona aliacha kumhudumia mteja.

"Sikuja kukulaumu, shemeji," mke akasema. "Nimekuja kukuambia kwamba jana, tulipotoka hapa, mwenzako aliisalimia nguzo ya umeme. Akasimama anangoja imwitikie."

Siku ya kikao Kifaru alikuja amevaa koti lililombana mabegani. Hakungoja kuulizwa.

"Miwani ilikuwa moja. Niliivaa mimi."

"Kwa hiyo mlidanganya kwenye taarifa," mwenyekiti wa bodi akasema.

"Tuliamriwa, na aliyetuamuru amekwisha fariki."

Mwenyekiti akamgeukia Sajini. "Nawe ukaingia eneo la hatari bila kinga, na unajua ni kosa?"

"Ningekataa, mheshimiwa, nani angeingia?"

Ombi likakataliwa: alivunja kanuni kwa hiari yake, akajiumiza mwenyewe. Nje, Kifaru alishika ukuta akalia, mwili wote ule ukitikisika.

"Nimekuharibia, ndugu yangu."

"Umesema kweli. Yaishe."

Hayakuisha. Mke alikata rufaa, akazungushwa ofisi hadi ofisi, njoo kesho, njoo wiki ijayo, na katika kuzungushwa huko jicho la kulia likafa kabisa. Hatimaye wakaitwa. Karani, kijana mwenye sauti ya chini, akawasomea uamuzi. Jicho la kushoto limekubaliwa, liliumia kazini. La kulia ni uzee.

Mke akaangua kicheko, mpaka waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

"Macho yamezaliwa siku moja! Hili la kulia limezeekaje likamwacha mwenzake?"

"Mama, mimi nimesoma tu," karani akasema. "Sikuandika mimi."

Sajini alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akaelekeza lile jicho la kulia dirishani. Alikaa hivyo kitambo, uso umeelekea mwanga, kisha akateremsha mkono.

"Twende," akamwambia mkewe. "Nishike, ngazi za hapa sizijui."